Sensa Iliyosuguliwa kwa Msasa

Wivu nilikuwa nao, tena wa kuniwasha. Mwenye lori la viazi, aliyekuwa akilileta kwenye gereji yangu pale mtaa wa Ramadhani tangu likiwa jipya, alinihama akaenda kwa fundi wa Makambako. Fundi gani yule! Mdomo mtupu, na kicheko cha kusikika hadi barabara kuu. Mimi nina kompyuta ya kupimia, yeye ana stori. Nilimtaka mteja wangu arudi, basi.

Asubuhi moja lori likateremka kutoka Iwawa na shehena, likaishiwa nguvu kwenye mlima karibu na kwangu. Mwenyewe akaja kwangu kwa miguu, kofia mkononi.

"Dada, nisaidie. Taa ya injini inawaka, na gari halivuti kabisa. Na ile sensa, kile kipimo cha masizi, juzi tu imesafishwa kule Makambako."

"Imesafishwa na nini?"

"Msasa na petroli."

Mungu wangu! Mafundi wa huku kila kitu ni msasa: plagi msasa, vichwa vya betri msasa. Lakini sensa ile ina nyuzi nyembamba juu ya kigae, zisizogusana, nayo hukaa kwenye ekzosi, nyuma ya chujio la moshi. Masizi yakipenya chujio, hujijenga kati ya nyuzi mpaka umeme unavuka. Kisanduku chake, yaani kompyuta yake ndogo, hupima umeme huo, kisha huipasha sensa moto hadi masizi yaungue, kinaanza kupima upya. Masizi yakirudi upesi mno, kinajua chujio limepasuka. Sasa yule fundi wa Makambako alikuwa amezikwangua nyuzi zenyewe! Kisanduku kikakosa cha kusoma, gari likajipunguzia nguvu ya injini ili kujilinda.

Nikamwonyesha mwenye lori mikwaruzo, taratibu, nikiifurahia. Moyoni nasema, leo utajua fundi ni nani. Nikafunga sensa mpya, nikafuta hitilafu kwa kompyuta, nikaliendesha mwenyewe hadi juu ya mlima. Likapanda vizuri tu.

Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Ahsante sana, dada. Mungu akubariki." Nikasubiri aseme atarudi. Akatoa simu, uso umemchangamka kwa namna ambayo mbele yangu haujawahi.

"Fundi wangu! Limepona, bwana! Niwekee chai, nakuja huko Makambako."

Akapanda lori huku bado anacheka naye, akasahau hata kuniaga.