Katuni ya Wakubwa

Mume wangu ni mtafsiri wa muvi. Ana fremu yake ya duka pale Sofu, Kibaha, na ndani yake kuna kompyuta, maiki, na magodoro mawili makuukuu aliyoyaegemeza ukutani ili kelele za bodaboda zisiingie. Muvi ikija kwa Kikorea, Kihindi au Kiingereza, yeye huwasemea wote kwa Kiswahili: jambazi, polisi, bibi harusi, hata mbwa akibweka humtafutia la kusema. Watu wengi Kibaha wanamjua zaidi kwa sauti kuliko kwa sura. Nikienda gengeni wanawake walikuwa wakiniambia nina raha, kwangu hakuchoshi.

Laiti wangejua. Akirudi nyumbani alikuwa ameshayamaliza maneno yote kwenye maiki. Alikula, akanawa, akashika simu. Sikupigwa, sikutukanwa, sikunyimwa, nilinyamaziwa tu. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya watu wa kusema, na ukimya ule ulinikaa kifuani. Mwaka mzima sikumbuki aliniuliza swali lolote zaidi ya kama chumvi ipo. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Niliungoja huo mshindo, haukuja. Basi asubuhi moja nikafua, nikaanika, nikafunga begi, nikapanda gari la Mlandizi, na kutoka hapo nikachukua bodaboda kupitia Mzenga hadi kwetu Vihingo. Kanga aliyoninunulia mume wangu sikukuu ya Idi niliiacha kambani kwa sababu ilikuwa bado mbichi. Hasira haingoji nguo ikauke.

Baba alinipokea bila kelele, ingawa alisema hajawahi kusikia mke ameondoka kwa sababu mume hasemi. Wengi huondoka kwa sababu mume anasema sana. Mume wangu alinitumia ujumbe mmoja: "Nipo." Nami nikamjibu: "Haya." Tukaishia hapo. Wiki zilipozidi, baba akanikalisha na kuniambia kwamba mwezi wa mfungo hautanikuta nikiwa si mke si mtalaka. Kabla haujaandama, atamwita mshenga aliyeleta posa yangu, na siku hiyo ama nirudi kwangu au nipewe talaka kwa heshima.

Sikutaka talaka. Niseme wazi, nilikuwa nampenda. Nilitaka mtu wa kuongea naye, na nilitaka awe yeye.

Sasa, kaka yangu ana sola na televisheni, na mvua ikinyesha mchana, majirani hujaa sebuleni kwake kuangalia muvi. Siku moja alirudi kutoka Mlandizi na flashi mpya, akatangaza kwamba kuna katuni, watoto wakae mbele. Kwetu katuni ni ya watoto, hakuna aliyewaza vingine. Mama alikuja na wajukuu watatu na beseni la mihogo ya kumenya.

Ilianza vizuri. Kulikuwa na mji ndani ya kuba la kioo, juu ya mwezi wa sayari nyingine kabisa. Mwanamke wa rangi ya zambarau alikuwa fundi wa taa za mji huo. Mwanamume alikuwa wa chuma, ametengenezwa kiwandani, moyo wake betri. Nikaitambua sauti mara moja: mume wangu alikuwa akimtongoza mwanamke wa zambarau, na kwa maneno matamu ambayo mimi sikuwahi kuyasikia hata wakati wa uchumba. Nikasonya hadi jirani akageuka. Mara wawili wale wakabusiana, wakaingia chumbani, na pazia wakasahau kulishusha. Kaka alipapasa rimoti asiione. Mama aliwaziba wajukuu wawili macho kwa mikono yenye utomvu wa mihogo, wa tatu akaona kila kitu. Watoto wakafukuzwa wote, mvua au si mvua. Mama alipoulizwa kwa nini naye haondoki, alisema lazima ajue kama watu hao wataoana.

Ni muvi ya nyimbo. Kila mapenzi yakiwazidi wanaimba. Watafsiri hawahangaiki na nyimbo. Mume wangu husema, "Hapa anaimba, anamwambia anampenda," kisha hutumia nafasi hiyo kuwasalimia rafiki zake wa Sofu na kuitangaza fremu. Wimbo wa kwanza alifanya hivyo. Wa pili vilevile. Wa tatu ulikuja pale mwanamke wa zambarau alipopanda chombo akaondoka, yule wa chuma akabaki peke yake juu ya paa. Muziki ukaanza, nikangoja salamu za rafiki zake. Badala yake nikamsikia mume wangu, ambaye hajui kuimba, akiufuata muziki kwa nyuma kama mtu anayekimbiza kuku.

"Kanga yako bado iko kambani," aliimba. "Sijaianua. Nikiianua itakuwa kweli umeondoka. Chumvi imekwisha, na sijui huwa unainunua duka gani."

Sebule nzima ilicheka. Mtu mmoja akauliza tangu lini watu wa angani wakavaa kanga. Kaka akasema shemeji yake amechoka, apumzike. Mimi nilitoka nikasimama upenuni, nikalia, na nilipomaliza kulia nikapandwa na hasira, kwa sababu alikuwa ameyasema hayo kwa Kibaha yote na Mlandizi yote kabla ya kuniambia mimi. Mama akanifuata.

"Yule anasema na wewe," akaniambia.

"Anasema na watu wote, mama."

Akarudi ndani kuangalia kama walioana.

Shaabani ilipokaribia kwisha, baba alimwita mshenga, ambaye ni baba mdogo wa mume wangu. Walikuja wawili, mume wangu akiwa na kanzu iliyopigwa pasi upande mmoja tu. Shikamoo zikatolewa, marahaba zikajibiwa, mkeka ukatandikwa. Kwetu siku kama hiyo mume hasemi, mshenga ndiye kinywa chake, na huyu alikuwa fundi wa maneno. Alisema kijana amekosa, vikombe kabatini havikosi kugongana, nyumba bila mke ni pango. Baba aliridhika. Akamtuma mama nyuma ya pazia nilipokaa, aniulize kama nami nimeridhika.

Nilitoka mwenyewe, jambo ambalo si desturi, nikakaa ukingoni mwa mkeka.

"Baba, huyu kazi yake ni kuwasemea watu," nikasema. "Leo kaja kusemewa. Naomba nimsikie mwenyewe. Kama hana neno, nipeni talaka yangu leo."

Mshenga akakohoa. Baba hakunikemea, alimwangalia mkwewe tu. Mume wangu alitazama viganja vyake. Hakuwa na kioo cha kompyuta mbele yake cha kumwonyesha nani anafungua mdomo. Alikaa hivyo muda mrefu hata nikaanza kujiandaa kwa maisha mengine.

"Kanga niliianua," akasema. "Mvua ilikuja."

Nikamwambia kwamba kwenye muvi alisema bado iko kambani.

"Yale niliyasema kabla ya mvua." Akanitazama. "Nimeiweka chini ya mto. Utarudi?"

Alikuwa ameniuliza swali. Wazee walinigeukia, mama akachungulia pembeni ya pazia, nami niliyemshambulia kwa kukosa maneno nikayakosa yangu.

"Chumvi nainunua duka la pembeni ya msikiti," nikamwambia.

Baba akamwita kaka alete chai.

Tulifika Sofu kesho yake. Kanga ilikuwa kweli chini ya mto, imekunjwa mara nyingi mno, inanuka uvundo na ina madoa ya ukungu. Nilimwambia ameikunja mbichi. Akauliza mtu anajuaje kama nguo imekauka kweli. Nikamweleza kuhusu pindo, na mshono, na kanga nzito na nyepesi, na jua la asubuhi na la mchana, maelezo yakawa marefu kama kawaida yangu. Simu yake iliita mara mbili mezani, hakuipokea.