Darasa Nililotaka Kuliruka

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila ninapomwombea mwalimu Asukulu, tuliyemzika mwezi uliopita. Ilikuwa wakati wa vita. Shule yetu ya Baraka ilikuwa imefunguliwa tena baada ya miaka miwili ya kukimbia. Nilikuwa na miaka kumi na tano, na masomo yangu yalikatika nilipomaliza la nne.

Kanuni ilisomwa mbele ya wazazi. Mwenye buletini, ile karatasi ya maksi za mwisho wa mwaka, anaingia darasa linalofuata. Anayetaka kuruka darasa anafanya mtihani wa hesabu na imla ya Kifaransa, na lazima apate nusu kwa yote mawili.

Baba mdogo, aliyetulea baada ya baba kufa, alikuwa ameshasema: nisipoingia la sita mwaka ule, nitakwenda Misisi kupikia wachimba dhahabu. Nami niliiogopa ile imla. Katika mfuko wa mama mlikuwa na buletini ya la tano ya kaka yangu Wilondja. Yeye alikufa kwa homa tukiwa njiani kukimbilia milimani. Nikachukua wembe, nikalikwangua jina lake polepole, nikaandika langu.

Mwalimu Asukulu aliishika ile karatasi muda mrefu. Kisha akaniita pembeni.

“Riziki, hii ni ya nani?”

“Ni yangu, mwalimu.”

“Mi ndo niliiandikaka. Mukono wangu naujua. Wilondja iko wapi?”

“Alikufaka, mwalimu.”

“Mulimuzika wapi?”

“Kule njia ya Bibokoboko. Hatukuweka hata alama.”

Akaitazama tena ile karatasi. Halafu akasema kwa sauti ndogo, “Basi jina lake lilibakia hapa tu. Na we umelikwangua.”

Sikuwa nimewaza hivyo. Nililia, si kwa kuogopa kufukuzwa. Mwalimu akatoa kalamu, akakata jina langu, akaandika upya la kaka yangu juu ya pale palipochakaa, akanirudishia. Hakumwambia mtu. Ila hakunionea huruma katika kanuni: nilifanya mtihani kama wengine. Hesabu nilipita. Imla nilianguka vibaya.

Nikakaa la tano, nyuma ya watoto walionifikia begani, nao hawakunihurumia. “Mama, inama kidogo, hatuone ubao,” walisema, na mimi nikainama.

Jioni ya siku ile ya kwanza darasani, mwalimu alifika kwetu.

“Papa, uniachie huyu mutoto mpaka Noeli. Kanuni inamuruhusu kupima mutihani tena.”

“Na akianguka?” baba mdogo akauliza.

“Akianguka, mi mwenyewe nitamubebea sufuria mpaka Misisi.”

Baba mdogo alicheka, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu vita vianze. Akakubali. Kila siku baada ya masomo mwalimu alinisomea imla, sentensi kwa sentensi, hata siku ambazo yeye mwenyewe hakuwa amekula. Karibu na Noeli nilipima tena, nikapata nusu na maksi moja juu yake. Nikaingia la sita, nikalimaliza. Masomo yangu yaliishia hapo, na sikuwahi kuyaonea aibu. Barua hii naiandika mwenyewe.

Mwanangu, wewe sasa unataka kuruka darasa. Kama unaweza, omba mtihani, uruke. Kanuni ipo kwa ajili yako. Lakini ruka kwa kile unachokijua, si kwa karatasi ya mwingine. Na wakikuambia bado, kaa chini na wadogo, inama waone ubao, kisha upime tena. Ukimpata wa kukusomea imla akiwa na njaa, mshukuru angali hai. Mimi nilimshukuru, lakini si mara za kutosha.

Buletini ya Wilondja ninayo hadi leo. Mungu awapumzishe wote wawili, akupe mwalimu kama wangu, na kila karatasi utakayoishika iwe na jina lako kwa haki.