Kogo Alipokwenda Merigi Kumkagua Mchumba Wangu

Kijana niliyempenda alikuwa mchumaji chai mwenzangu, kwenye shamba la wazungu nje ya Kericho, miaka ile ya hamsini. Alikuwa na mkono mwepesi, lakini si huo ulionimaliza. Alikuwa na namna ya kunyamaza kidogo kabla ya kucheka, kana kwamba anaomba ruhusa. Mara ya kwanza kumsikia nilijihisi niko nyumbani, nikaamua papo hapo kwamba ni huyu au hakuna.

Kwetu Roret uamuzi wangu ulikuwa mwanzo tu wa maneno. Hakuna msichana wa boma letu aliyeolewa kabla ya kogo, yaani bibi yetu, kwenda kuwakagua wakwe. Ng'ombe wao hakuwa na haja nao. Aliangalia meno ya wazee, akauliza nani ana kifafa, nani mvivu, nani anampigia mkewe kelele. Mimi, msichana wa kanisa na mwenye mshahara wangu, nilikasirika.

"Kogo, mimi naolewa na mtu, si na ukoo."

"Na watoto utatoa wapi? Kwa majani ya chai?"

Akafunga safari kwenda Merigi, kwao yule kijana, pamoja na shangazi yangu. Walirudi siku ya nne asubuhi, nikiwa nakamua ng'ombe. Kogo aliegemea ukuta kama mtu aliyetoka kuugua.

"Huyo huwezi," akasema, kisha akaketi chini akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Shangazi ndiye aliyenieleza. Walipofika, bibi wa yule kijana, mama mzazi wa baba yake, alikuwa uani akipepeta wimbi. Kogo akasimama langoni, miguu ikakataa kuingia. Alikuwa anamwona mama yake mwenyewe, aliyekufa zamani: mabega yale yale, shingo ile ile iliyoinamia kushoto. Akamuuliza alizaliwa wapi. Yule bibi hakujua. Wakati wa njaa, akiwa mdogo sana, alikabidhiwa watu waliokuwa na chakula, akawa wa ukoo wao. Alikumbuka kitu kimoja tu: dada yake alimfuata mbio hadi mtoni akilia, wakamrudisha kwa fimbo.

"Hiyo fimbo nilipigwa mimi," kogo akamwambia.

Nimezeeka sasa, na bado nikiliwaza jambo hili mwili unanisisimka. Kogo naye alikuwa akinyamaza hivyo hivyo kabla ya kucheka. Nilikuwa nimemsikia tangu kuzaliwa bila kutambua. Kati ya wanaume wote wa shamba lile, nilikwenda moja kwa moja kwa damu yangu, nikidhani nachagua. Na mwanamke asiyejua hata herufi moja aliisoma damu hiyo akiwa langoni. Angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine aliyejua.

Mwezi uliofuata yule bibi na mjukuu wake walikuja kwetu. Wale dada wawili waliketi mkeka mmoja, wameshikana mikono, hawakuachana hata chai ilipoletwa. Niliwatazama kwa mshangao, na nikawachukia kidogo pia, siwezi kudanganya. Yule kijana alisimama mlangoni, amevaa shati alilonunua kwa ajili ya posa. Nikampelekea kikombe.

"Karibu, ndugu yangu."

"Asante, dada," akasema, akakipokea kwa uangalifu mkubwa, vidole vyetu visigusane.