Nyumba Iliyokataza Kigiriama

Harufu ya vanishi mbichi hadi leo hunikumbusha njaa. Mtaani kwetu Mtopanga walisema mtoto wa mpaka rangi hawezi kujua Kijerumani. "Huyo Daraja la Nyali atalivuka na ndoo ya babake kichwani," alisema fundi cherehani jirani yetu, na wateja wake wakacheka. Basi waliocheka wajue: nimeishi Ujerumani, diploma yangu ya umeme nimeisomea kwa Kijerumani chao, na mitihani nimeifanya bila mkalimani. Ghorofa inayowazibia upepo sasa ni yangu.

Wazazi huniuliza wawasaidieje watoto wao, wakidhani baba ndiye wa kuigwa. Nisikilizeni.

Baba alipaka rangi katika hoteli ya watalii huko Shanzu. Akiwa juu ya ngazi aliwaona vijana wanaojua Kijerumani wakivaa mashati meupe na kupewa bahashishi, akaapa kuwa mwanawe hatapanda ngazi. Kijerumani chenyewe hakukijua, akanilipia mwalimu. Alichokijua ni kibao cha shuleni, kile alichovishwa shingoni mtoto aliyeteleza akasema lugha ya kwao. Akachonga cha nyumbani, akakipaka vanishi, akatoa amri: Kigiriama marufuku, na chakula kikiiva, mwenye kibao hali.

Mama alijifunza kunyamaza, kwa hiyo kibao kikawa changu. Lakini akikuna nazi aliniuliza polepole, kwa Kiswahili, chumvi Wajerumani wanaiitaje, mvua wanaiitaje, akayarudia kwa ulimi mzito mpaka tukacheka wote wawili. Maneno yaliyonikaa kichwani ni hayo. Kibao kiliniachia njaa tu.

Kisha akaja hawe, kama sisi tunavyomwita bibi, mamake baba, kutoka Kaloleni na kikapu cha mihogo. Hakujua lugha nyingine ila Kigiriama. Kwetu bibi humtania mjukuu wa kiume kuwa ni mumewe, na mjukuu sharti ajibu utani kwa utani. Aliniuliza mbona nimekonda, huyo mke mwingine, yaani mama, ananilisha nini. Kabla sijafikiri nilimjibu, kwa Kigiriama, kwamba mke mwingine anapika vizuri kumshinda yeye. Hawe alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. Kicheko hakijaisha, baba akanivisha kibao.

Chakula kilipotengwa, hawe aliniona pembeni, akauliza kulikoni. Mama akamweleza kwa kunong'ona. Hawe akainuka, akanivua kibao, akajivika mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyemsemesha," alimwambia baba. "Basi mimi ndiye nisiyekula."

Tulimtazama baba. Angecheka tu, yangekwisha.

"Sheria ni sheria, mama," alisema, akaivuta sahani yake ya wali.

Alikula akamaliza, mamake akimtazama, kibao kifuani. Asubuhi hawe alikiweka mezani, akarudi Kaloleni, asikanyage tena kwetu. Siku ileile nilikivaa tena, kwa kuuliza kwa Kigiriama atarudi lini. Baada ya hapo sikuuliza. Lugha ile ikaninyauka mdomoni, neno baada ya neno.

Utotoni nilidhani baba anamchukia hawe. Ukubwani ndipo nilipoelewa kuwa aliionea aibu ngazi yake, na kwamba alidhani mtoto ni kama ukuta, usipokwangua rangi ya zamani mpya haishiki. Ujerumani nilikuta wenzangu waliojifunza haraka kuliko mimi, na lugha za kwao walikuwa nazo nzima. Mzazi, kaa na mwanao akufundishe, kama mama alivyokaa. Hilo latosha.

Niliporudi nchini nilimpeleka baba Kaloleni kwa gari langu. Hawe alikuwa amepofuka. Alinipapasa uso, akanishika mkono, akazungumza kwa muda mrefu. Mahali fulani alicheka, mahali fulani machozi yalimtoka. Nililoshika ni jina langu tu.

"Anasema nini?" nilimuuliza baba.

Baba aliangalia uani.

"Anakusalimu," alisema.