Manukato Niliyovaa Edani

Yalikuwa manukato ya kimya. Ukijitia, kwanza unasikia kitu kama shuka iliyotoka kupigwa pasi. Baada ya muda wa kuchemsha chai unasikia poda, ile ya kikopo ambayo mama zetu walijipaka shingoni wakishakoga jioni. Halafu husikii tena. Wewe mwenyewe, nasema. Wengine wataendelea kusikia, tena mpaka wakukaribie sana, na hata hapo watadhani ndivyo mwili wako ulivyo.

Tuliyanunua Riyadh, mimi na mume wangu, kwa mzee mmoja wa Kiyemeni muuza uturi. Miaka ile Riyadh nzima ilikuwa imechimbuliwa. Pesa ya mafuta ilikuwa ikigeuzwa zege mchana na usiku, na njia uliyopita jana ungeikuta leo imezibwa, ndani yake shimo na winchi. Mume wangu alikuwa mtunza stoo wa kampuni ya ujenzi, akipokea saruji na nondo, na alirudi nyumbani kwetu, mtaa wa Malaz, kope zake zimekuwa nyeupe.

Siku hiyo dukani wateja waliotutangulia walikuwa wakipakwa udi mzito, ule unaokaa kichwani mpaka kesho. Mume wangu akamwambia mzee, "Nataka kitu ambacho watu hawatajua kwamba nimekivaa."

Mzee akamtazama. "Basi usinunue. Nenda kakoge tu."

Tulicheka, na yeye akacheka, kisha akainama chini ya meza akatoa chupa isiyo na karatasi wala jina. Alinipaka tone moja kwenye ncha ya ushungi, akampaka mume wangu nyuma ya kiganja. Nikamwuliza kama ni ya kike au ya kiume.

"Hii haijaoa wala haijaolewa," akasema. "Chukueni."

Tukawa tunavaa chupa moja. Yeye alijitia asubuhi baada ya kunyoa ndevu, nyuma ya masikio yote mawili, na tone la mwisho akajifutia kifuani. Mimi nilijitia jioni, kazi za nyumbani zikiisha. "Mchana navaa vumbi la kampuni," alikuwa akisema, "jioni nakuja kunusa vumbi la kwangu." Baada ya miezi michache kanzu zake na magauni yangu vilinukia sawa. Ningefungua kabati nisijue nimeshika nguo ya nani.

Mimi si mtu wa kukaa mahali. Niliondoka Unguja baada ya Mapinduzi, cheti changu cha sekondari kikiwa kimeshonewa ndani ya mto. Nikakaa Mombasa, nikakaa Dubai, nikaja Jeddah, huko nikaolewa, halafu Riyadh. Kila mji, ukipita mwaka mmoja, naanza kuyatazama masanduku. Na kila mji niliufahamu uzuri wake nilipokwisha kuuacha. Mume wangu alilijua hilo. "Wewe," aliwahi kuniambia, "ukifika peponi utauliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi."

Alifariki kazini, kabla ya adhuhuri, kati ya mifuko ya saruji. Moyo. Wenzake walikuja kuniambia wakiwa wamevua kofia zao za kazi, wameziweka kifuani. Alizikwa siku ile ile baada ya alasiri. Mimi nilibaki ndani nikikunja nguo. Sikulia. Watu walidhani ni subira, wakanisifu.

Nyumba ilikuwa ya kampuni, na sikuwa na ndugu Riyadh. Shemeji yangu, mume wa wifi, alimwuliza sheikh, akaambiwa kwa dharura kama ile naweza kuhama nikakalie eda kwa jamaa. Akaja kunichukua, akanipeleka kwao Jeddah. Walikaa na mama mkwe mtaa wa Kandara, ghorofa ya tatu, karibu na kituo cha mabasi, madirisha yakiwa wazi unasikia madereva wakiita, "Makka! Makka! Yalla, Makka!" kuanzia alfajiri.

Wifi alinipokea kwenye ngazi. Hakunipeleka juu. Alinishika mabega akaniegemeza ukutani, macho yake yamevimba.

"Mama hajui," akasema. "Na hatajua. Presha yake unaijua. Tumemwambia kaka amepelekwa Dhahran, mradi mpya, na wewe amekuleta kwetu usikae peke yako."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Mungu atakapotaka. Futa uso."

Uso wangu ulikuwa mkavu, lakini niliufuta.

Nikakalia eda katika nyumba ambayo eda haikuweza kutajwa. Waliokuja kunipa pole walinong'onezwa mlangoni, wakaingia wakizungumza bei ya nyanya. Mkwe wangu alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliona mwanga na kivuli, basi. Hakuona kwamba sina wanja wala hina, wala kwamba navaa gauni lile lile la kijivu. Ila masikio yake yalikuwa mazima.

"Bangili zako ziko wapi?" aliniuliza siku ya pili. "Zamani nilikuwa nakusikia kabla hujafika."

"Nimezivua, mama. Zinanibana."

"Mwanamke wa kwetu, bangili zimbane? Umenenepa, basi. Alhamdulillahi."

Taabu ilikuwa chakula. Mume wangu alikuwa akija kumtazama kila baada ya miezi miwili, na akija wanakula sahani moja, mama anamega, anamlisha tonge la kwanza kama mtoto. Safari hii miezi miwili tangu aje mara ya mwisho ilipita. Mama akaanza kusema, "Nitakula akija." Mwanzo tulidhani ni mzaha. Akashuka kutoka sahani mpaka kikombe, kutoka kikombe mpaka vijiko vitatu vya uji. Alikuwa akipungua kama sabuni. Wifi alimbembeleza, alimgombeza, alimpikia mchuzi wa pweza ambaye mumewe alitumwa kumtafuta sokoni nusu siku. "Nitakula akija," alisema mama. Daktari alisema asipokula hatafika mbali, na wifi alisema akiambiwa ukweli hatafika hata huko.

Mimi nilikuwa nayatazama hayo kama mtu aliyekaa upande wa pili wa kioo. Niliosha vyombo. Nilisali. Kutoka siwezi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikutamani kutoka.

Katika wiki ya sita ya eda, asubuhi, nimetoka kukoga, mkono wangu ukaingia ndani ya mkoba ukaitoa chupa. Sikuamua. Mkono ulikwenda kama unavyokwenda kwenye swichi ya taa. Nyuma ya sikio la kulia, la kushoto, nikafunga kizibo, nikaenda kumpelekea mkwe maji ya kunawa. Alikuwa hajapata kuijua harufu ile kwangu, kwa kuwa safarini sijitii kitu. Kwake ilikuwa ya mwanawe.

Nilipoinama kuweka bakuli, akainua uso. Niliona mikunjo ya kipaji cha uso ikifunguka mmoja mmoja.

"Umefika saa ngapi, baba?"

Wifi alikuwa mlangoni na sinia. Sijui aliyapata wapi maneno. "Amepita alfajiri, mama. Umelala. Amekaa hapo hapo ukingoni mwa kitanda, kisha akaitwa kazini."

"Mngeniamsha!"

"Amekataa. Amesema usisumbuliwe."

"Mjinga huyo," alisema mama, huku anatabasamu. Alivuta hewa kwa pua, taratibu. "Lete huo uji."

Alikunywa bakuli zima. Jikoni wifi alinikamata. "Umejitia nini wewe?"

"Nimesahau."

"Umesahau nini? Umesahau kwamba uko edani?" Akaisogeza pua yake shingoni kwangu, kwa hasira, kama mtu anayetafuta ushahidi, na hapo akalia, kwa sababu harufu ile ilikuwa ya kaka yake. Alilia kimya, kitambaa mdomoni, mama asisikie. Alipomaliza akajifuta, akasema, "Kesho ujitie tena."

"Haramu, wifi."

"Hujipambi. Ni dawa. Dhambi iwe juu yangu."

"Dhambi haibebwi na mwingine."

"Basi mwache afe na njaa, tuzike wawili. Halas!"

Sikubishana zaidi. Ukweli ni kwamba hakukuwa na kitu ndani yangu cha kubishania.

Basi nikawa najitia kila asubuhi. Najua namna mwanamke anavyojitia manukato kwa ajili ya mumewe, na najua namna anavyojitia kwa ajili yake mwenyewe. Ile haikuwa yoyote kati ya hizo. Kizibo kilikuwa cha baridi. Tone lilikuwa la baridi, kisha likawa joto la ngozi, kisha likapotea. Nilinusa kifundo cha mkono, nikanusa mkono wa gauni, nikafumba macho nikajaribu kuipata ile shuka ya pasi, ile poda. Hakuna. Nilikuwa nimebeba harufu ya mume wangu mwili mzima, nami peke yangu nyumbani mle sikuisikia. Nilijua ipo kwa kuutazama uso wa mkwe tu.

Alikula. Uji, kisha mkate, kisha mchuzi wa samaki na wali. Kila siku wifi alikuwa na sababu: amepita ukiwa bafuni, amepita umelala, gari la kampuni lilikuwa likimngoja chini. Mama aliamini, kwa kuwa pua yake ilishuhudia. Lakini nguvu ziliporudi, akaanza kumwinda mwanawe.

Aliacha kulala mchana. Alitaka aegemezwe ukutani, uso kwenye mlango. Usingizi ukimjia, alijifinya paja. "Leo hanipiti," alisema. "Nimemzaa, halafu ananijia kama mwizi?" Wifi aliniambia tupunguze, tujitie siku moja turuke moja. Alisema "tujitie", kana kwamba tulikuwa tunajitia sote.

Siku ya kumi na moja tangu nianze kujitia, baada ya alasiri, wifi alikuwa jikoni anakanda unga. Mkwe alikuwa amelala, anakoroma. Nikaingia na gilasi ya maji na dawa yake ya presha. Nilipoiweka gilasi chini, kukoroma kukakatika, na mkono wake ukanidaka kifundoni.

"Nimekushika!" Alicheka mpaka akakohoa. "Ulidhani nimelala? Nakoroma kwa makusudi, mjinga wewe. Nimekushika leo."

Vidole vyake vikapanda kutoka kifundoni kwenda juu, vikarudi, vikaupima mkono wangu kwa kuuzungushia. Kicheko kikakoma.

"Mbona umekonda hivi, mwanangu? Hawakulishi huko Dhahran?"

Wifi alikuwa amefika mlangoni, viganja vimejaa unga. Alikuwa akinitikisia kichwa: usiseme, usiseme. Nilimwona vizuri. Nilijua kwamba nikinyamaza kidogo tu atatunga neno, na mama atakula tena kesho, na kesho kutwa. Lakini mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wa mama anayeuliza kwa nini mwanawe amekonda.

"Ni mimi, mama."

"Wewe nani?"

"Mke wake."

Hakuniachia. "Na harufu?"

"Tulikuwa tukivaa chupa moja."

"Yeye yuko wapi?"

"Amefariki, mama. Riyadh, kazini. Amezikwa huko huko."

Nilisikia sauti yangu ikiyasema hayo kama inavyotaja vitu vya kununua dukani. Wifi aliteleza na mlango mpaka chini, akakaa. Mama alibaki ameegemea ukuta. Nilimtazama kifua kama kinapanda. Kilikuwa kinapanda.

"Lini?"

"Miezi miwili kasoro siku chache."

Chini mtu aliita "Makka! Makka!" na honi ikapigwa. Mama alikuwa akisogeza midomo; nadhani alikuwa akisema maneno ya msiba, Inna lillahi, moja moja. Kisha akageuza uso wake kwangu sawasawa.

"Kwa hiyo wewe uko edani."

"Ndiyo, mama."

"Na unajitia manukato."

"Mama, ni mimi niliye..." alianza wifi.

"Nyamaza! Sisemi na wewe. Na wewe nitakufikia." Akanivuta karibu. "Nani aliyekufunda? Mumeo ndiyo kwanza amelala kaburini, wewe unanukia ndani ya nyumba? Mwanangu hakuoa mwanamke wa namna hiyo. Nenda kakoge. Koga mpaka itoke. Kisha uje ukae hapa ukalie eda yake kama watu."

Akaniachia.

Nilikwenda bafuni. Maji ya tangi la juu yalikuwa ya moto kwa jua la mchana. Nilijimwagia kopo la kwanza, la pili, nikachukua sabuni ya kufulia, ile ya mche, nikajisugua shingo, masikio, kifua. Nikiwa humo nikamsikia anaanza. Alianza chini, kama mtu anayejisafisha koo, kisha sauti ikapanda na ya wifi ikaifuata, na majirani wakaja wakigonga mlango, wakiuliza kuna nini, na hatimaye mtu alijibu kwa sauti kubwa kuna nini. Nilisimama na sabuni machoni nikingoja na mimi nianze. Hakikuja kitu. Nikajisugua tena.

Nilipotoka, chumba kilikuwa kimejaa wanawake. Walinipisha. Nilipiga magoti mbele ya mkwe wangu, nywele zinachuruzika. Alikuwa amelowa uso mzima. Alikishika kichwa changu kwa mikono miwili, akanusa nyuma ya sikio la kulia, akakigeuza, akanusa la kushoto.

"Bado," akasema.

Nikarudi bafuni.