Landrova Iliyokunywa Uji

Enzi zetu gari liliingia nyumbani likakaribishwa kama bibi harusi, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikianza kusimulia sipendi kukatizwa.

Nasema na nyinyi wenzangu mliokula michembe ya viazi vikavu kwa karanga mkaenda shule pekupeku, mkaandika kwenye vibao na kufuta kwa mate. Nyinyi mliotengeneza magari kwa mabua ya mtama, mkayaendesha kwa midomo mpaka koo likakauka. Wajukuu zetu wanatuonea huruma siku hizi. Wanadhani tulikaa gizani tukingoja wao wazaliwe watuwashie taa. Mimi huruma hiyo siitaki. Sisi tulikuwa na Landrova.

Kwetu ni upande wa Kharumwa. Baba yangu aliendesha malori ya jeshi wakati wa vita, akarudi na koti zito na sauti ya kuamuru. Alikuwa mtu wa majivuno, sitamsingizia upole. Dada yake, shangazi yangu Nkamba, alishikwa na uchungu wa kuzaa wakati wa masika, akapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe apelekwe hospitali Geita. Mkokoteni ulizama kwenye tope la mbuga, na Shangazi akafia hapo hapo na mtoto tumboni. Baba aliporudi kutoka kuzika alikwenda moja kwa moja zizini. Kisha akauza ng'ombe wake, ndugu wakamwona kichaa, akanunua Landrova kuukuu kwa mzungu mmoja mtafuta dhahabu aliyekuwa anarudi kwao. Akaomba kibali bomani cha kubeba wagonjwa na wajawazito. Wakampa, ingawa kwa shingo upande.

Siku gari lilipoingia uani, Bibi, mama yake Baba, alitoka na kibuyu cha maji yaliyokorogwa unga wa mtama. Wasukuma wenzangu mnajua: kitu chema kikiingia nyumbani hunyunyiziwa, kipate baraka na wazee waliotangulia wakione. Alinyunyizia magurudumu, akanyunyizia taa, akalitaja jina la Nkamba. Tulipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Tangu siku hiyo kila asubuhi ya safari Bibi alikuwa wa kwanza kulifikia gari, na hakuna aliyeuliza anachofanya huko mbele. Mama anayebariki haangaliwi mikono.

Halafu Landrova ikaanza kuchemsha. Mwanzo ilikuwa kwenye vilima tu, baadaye hata kwenye tambarare. Mvuke ulitoka kwenye boneti, Baba anasimama, anangoja ipoe, anafungua mfuniko wa rejeta na kitambaa mkononi huku amegeuza uso, anaongeza maji. Akatazama mkanda wa feni, akaukuta umekazwa vizuri. Akatazama mbele ya rejeta, akakuta mbegu za majani ya porini zimejaa kwenye matundu mpaka upepo haupiti. Sisi watoto tukazitoa moja moja kwa miiba, tukaamini tumelitibu. Kesho yake likachemsha tena, na safari hii mbele ya macho ya Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, aliyekuwa anapita.

Akashuka, akalizunguka gari letu, akasema kwa Kiswahili chake cha puani, "Jumatatu ulete hii bomani Geita. Ije yenyewe, isivutwe na ng'ombe. Ikifika inachemsha, kibali nafuta. Mimi sitaki watu wafe njiani."

Wafe njiani. Amwambie hivyo Baba! Nilikuwa mdogo, lakini niliona shingo yake ikivimba. Alijibu, "Itakuja, Bwana," akafunga boneti.

Jumamosi Baba aliwasha injini pale uani, akaiacha iungurume hadi ikapata moto. Akapeleka kiganja karibu na rejeta, juu, kisha chini. Juu palikuwa na moto wa kuchoma, chini baridi kabisa. Akamwambia mdogo wake, baba mdogo Masanja, "Maji hayashuki. Kuna kitu kimeziba ndani."

Alizima, akangoja ipoe, akafungua koki ya chini. Hakikutoka kitu. Akachokoa kwa kijiti. Ukatoka uteute mweupe, mzito, polepole, ukadondoka mchangani. Baba mdogo akauchukua kwa kidole, akanusa.

"Kaka," akasema, "huu ni uji."

Maji ya lambo letu yalikuwa meupe kwa udongo, ndiyo maana hakuna aliyeshuku rangi. Macho yote yakamgeukia Bibi, aliyekuwa amekaa akichambua nsansa, yale majani makavu ya kunde, wala hakuacha kuchambua.

"Mnanitazama nini?" akasema. "Nimewaona mnalinywesha maji kila siku mdomoni. Mgeni hapewi maji matupu. Kila safari nililinywesha kidogo kilichobaki kwenye kibuyu, lipate nguvu limfikishe mtoto wa mwenzangu, asife kama wangu."

"Mayu, umeliua gari," baba mdogo alimwambia mama yake, na alisema kwa hasira.

"Hakuna aliyeua," Baba akamkata. "Linatapika. Anayetapika atapona. Leteni maji."

Ndugu zangu, kazi ile msiiseme. Baba alifungua mipira, akaishusha rejeta, akailaza kichwa chini miguu juu. Wanawake wa mji mzima wakapanga foleni toka lambo na mitungi, wakachuja maji kwa vitambaa. Mama akachemsha maji ya magadi kwenye chungu cha pombe, maana magadi hulainisha kilichoganda. Baba akayamimina kutokea chini ili yasukume uchafu urudi ulikoingilia. Akaosha na injini yenyewe vivyo hivyo. Na mwamuzi alikuwa nani? Bibi. Kila maji yalipotoka aliyakinga kiganjani, akanusa, akasema, "Bado uji." Wanamimina tena. Jua linazama ndipo aliponusa, akanusa tena, akayamwaga. "Haya ni maji," akasema.

Jumatatu asubuhi tulipotoka kupanda gari, Bibi alikuwa amesimama mbele ya boneti na kibuyu chake. Baba mdogo alitaka kukinyakua. Baba alimshika mkono.

"Mayu," akasema taratibu, "nyunyizia usoni. Mdomo niachie mimi."

Bibi alinyunyizia uso wote, akalitaja jina la Nkamba, kisha akapanda akakaa mbele, na mimi mapajani kwake, kwa kuwa alikataa kubaki. Tukapita ile mbuga iliyomchukua Shangazi. Bibi alifumba macho, nikasikia moyo wake ukipiga mgongoni kwangu. Landrova haikusita.

Bomani Bwana Shauri alifungua boneti, akaweka mkono, akangoja, akangoja tena. Hakuna mvuke. Akauliza ilikuwa na ugonjwa gani.

Baba alikuwa na nafasi ya kumcheka mama yake mbele ya mzungu, wakacheka pamoja. Alisimama wima kama jeshini. "Ilikuwa imeshiba, Bwana. Kwetu mgeni halali njaa."

Bwana Shauri hakuelewa, na hakuna aliyemwelewesha. Kibali kikabaki. Masika yaliyofuata mama yangu alivuka mbuga ile na uchungu wake, akajifungua hospitali mtoto wa kike. Jina lake mnalijua bila kuambiwa.

Leo barabara ya kwenda mgodini Bulyanhulu imejaa magari yanayoongea. Likiwasha kijitaa chekundu tu, kijana anashuka, anapiga picha, anaketi kivulini kungoja fundi aje na pikipiki. Kiganja anacho, ila hajui kukipeleka juu na chini. Mwaka jana mjukuu wangu alileta gari lake jipya nyumbani. Nilitoka na bakuli la maji ya unga wa mtama. Akaruka mbele yangu, "Bibi, tafadhali, utaharibu rangi."

Nilimwambia asogee. Nikalinyunyizia uso mzima, nikamtaja Nkamba, nikamtaja na Bibi yangu. Mdomo nilimwachia yeye.