Mpira wa Nne

Tarehe kumi na mbili Machi mwaka huu nilimpoteza baba. Siku ya tatu baada ya mazishi niliingia chumba chake cha kazi, na kabla macho hayajazoea kiza nilisikia harufu ya tyubu ya zamani, mpira uliopigwa jua miaka mingi, imechanganyika na mafuta ya cherehani. Mipira yake minne ya kufungia mzigo ilikuwa imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali pake pa siku zote. Nilikaa kwenye kiti chake nikalia. Mpaka hapo nilikuwa sijalia. Nilikuwa napikia wageni.

Data, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kiha, alikuwa fundi wa kushona aliyezunguka kwenye magulio. Kwetu ni kijijini, nje kidogo ya Kibondo. Alikuwa na cherehani ya mkono na pikipiki nyekundu iliyokwisha kupita kwa watu wawili kabla yake. Wiki hii alikwenda Kakonko, wiki ijayo Kasulu, na mwaka ambao maharage yalikubali alifika hadi Muyama, akakaa huko siku nne au tano akishona sare za shule na kutia viraka suruali za watu. Alisafiri peke yake, na ndiyo maana kufunga mzigo kulimchukua asubuhi nzima. Alisema mwenye abiria ana wa kumgusa bega akamwambia kitu kimelegea. Yeye nyuma yake hakuwa na mtu.

Kwanza alitandika gunia juu ya keria. Kisha cherehani, ikiwa ndani ya sanduku lake la mbao, aliisukuma mbele mpaka iguse kiti, maana uzito ukikaa mwishoni usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inayumba. Mifuko miwili ya vitambaa aliining'iniza huku na huku, akaipima kwa mikono mpaka ilingane, mbali na bomba la moshi. Mpira mmoja, ule mrefu kuliko yote, ulilishika sanduku peke yake. Halafu turubai, na mingine mitatu ikapita juu yake. Yote aliikata mwenyewe kutoka kwenye tyubu ya lori. Mwishoni aliiondoa pikipiki kwenye stendi, akaishika kwa nyuma na kuitikisa. "Usitikise mzigo, Skola," aliniambia. "Tikisa pikipiki." Sanduku likichelewa hata kidogo kuifuata, alifungua vyote akaanza upya. Na fundo likikaza hakulikata hata siku moja. Alikaa nalo mpaka lifunguke, kwa sababu mpira ukishakatwa haurudii urefu wake.

Kiangazi nilipokuwa darasa la nne, sindano ilimchoma kidole gumba cha kulia, kikavimba, akashindwa kuvuta mpira. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa nyumbani, akanipa kazi ile. Nilimfungia safari tatu, na kila mara alitikisa pikipiki akasema, "Twende kazi." Shuleni nilitembea kama mtu mwenye cheo. Lakini wasichana tulikuwa na mchezo wa kuruka mpira, na ule mrefu ulitufaa kuliko kamba yoyote. Siku moja nilikwenda nao. Nikamwazima rafiki yangu, naye akaondoka nao kwenda kwa bibi yake Kakonko. Safari ya nne ilipofika sikusema. Nilichukua kamba ya mgomba, nikailoweka majini kama tunavyofanya tukifunga kuni ili isikatike, nikafunga sanduku, nikaharakisha kufunika turubai. Data alitikisa pikipiki. Mzigo ulikaa kimya kabisa. "Umekuwa fundi," akasema, akaondoka kuelekea Kasulu. Kamba ya mgomba ikiwa mbichi kwa maji inajaa na kukaza. Upepo na jua vikiikausha, inasinyaa na kulegea.

Alirudi kesho yake mchana, kabla ya siku zake, magoti yana vumbi jekundu. Gurudumu la kuzungushia cherehani lilikuwa limevunjika vipande viwili.

"Imekuwaje tena?" mama akauliza.

"Mteremko."

"Mteremko umeanza jana? Si ndio ule ule wa kila wiki? Au ulikuwa unaangalia warembo wa Kasulu?"

"Labda," Data akajibu.

Jirani yetu aliyekuwa amekuja kuchukua kaptura yake akadakia, "Fundi, safari nyingine ujifunge na wewe mwenyewe!" Wakacheka, na Data akacheka nao. Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe chake cha maji. Kwenye mfuko wa koti lake niliona ncha ya kamba ya mgomba, imekunjwa vizuri. Hakuwa ameitupa barabarani.

Msimu wote wa sare alikaa nyumbani akilima, akisubiri gurudumu lingine. Watoto wa Kasulu walishonewa na mafundi wengine. Sisi tulikula maharage bila mafuta, na mimi nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa. Gurudumu lilipopatikana, kidole chake kilikuwa kimepona zamani. Hata hivyo aliniita uani. Alikuwa amekata tyubu nyingine, na mkononi alikuwa na mipira mitano. Akanipa mmoja mwembamba. "Huu wa kuruka." Kisha akanipa ile minne. "Hii ya mzigo. Funga." Nilifunga huku machozi yakidondokea turubai. Akatikisa pikipiki. "Twende kazi."

Hakuniuliza kamwe, nami sikumwambia. Nimekwenda kwetu mara nyingi na maneno yale tayari mdomoni. Februari, akiwa hospitali, nilianza: "Data, ule mwaka wa cherehani..." Akaniuliza kama mtu wa bodaboda alinifungia begi langu vizuri. Nikasema ndiyo. Nesi akaingia na dawa, nami nikatoka nje. Sentensi ile sijaimaliza.

Mama alinipa cherehani niende nayo Kasulu, ninakoishi. Siku hizi barabara ni ya lami, na dereva wa bodaboda niliyempata, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa na mipira ya dukani yenye ndoano pande zote mbili. Dakika moja, mzigo tayari. "Mama, hii inatosha," akasema. Nikamwomba anisubiri. Nikafungua yake, nikatandika gunia, nikafunga ile minne, nikatikisa pikipiki. "Unaifundisha kutembea?" akacheka. Nilikaa mgongo wangu ukigusa sanduku mpaka Kasulu, na halikusogea.

Mlangoni kwangu mipira mitatu ilifunguka upesi. Wa nne, ule wa sanduku, ulikuwa umekaza. Dereva akatoa kisu.

"Usikate," nikamwambia.

"Mama, nina abiria wananisubiri."

"Naomba, baba. Kidogo tu."

Akarudisha kisu mfukoni, akachuchumaa upande wa pili, akaanza kulisukuma fundo kwa kidole gumba huku mimi nikivuta. Baada ya muda likafunguka.